Firigisi ya Polisi Aliyekuwa Likizoni

Mimi ni mtu wa maneno machache. Nikikutana na watu wengi njiani, ninawasalimia kwa kichwa. Nikikutana na msichana, ninayasalimia majani ya kando ya njia. Shule nilimaliza ya msingi tu, na hata haya ninayoandika yanatoka polepole, neno moja likikaa kungoja lingine lifike. Lakini kuna jambo linalonishangaza mimi mwenyewe: nikishika kitabu na kusoma kwa sauti, haya inaondoka. Maneno si yangu, basi na aibu si yangu.

Vitabu vilifika kijijini kwetu Wamaza vikiwa karatasi za kufungia. Mfanyabiashara mmoja aliyeleta chumvi na sabuni kutoka upande wa ziwa alikuwa na sanduku la vitabu vya hadithi, vingine havina jalada, vingine havina mwisho, na alikuwa akivichana ili afungie chumvi ndani yake. Nikaanza kwenda kununua chumvi hata siku ambazo chumvi ilikuwapo. Mama mkubwa, dada wa mama yangu, ambaye ndiye aliyenilea, akaniuliza kama ninafuga ng'ombe mahali fulani kwa siri. Mwishowe mfanyabiashara akachoka kuniona nimesimama mlangoni kwake bila kusema kitu, akanipa vyote vilivyobaki.

Vyote vilikuwa hadithi za wapelelezi.

Nikawa ninavisoma jioni jioni, jua likiwa bado juu ya miti, katika ua wa mama mkubwa, pale wanawake walipokutana kumenya karanga baada ya shamba. Kiswahili cha vile vitabu kilikuwa cha Tanzania, kilichonyooshwa kama shati la Jumapili, na mara kwa mara nililazimika kusimama ili tukubaliane neno fulani lina maana gani. Lakini wapelelezi wenyewe, wanawake wale waliwaelewa haraka kuliko mimi.

Mpelelezi waliyempenda zaidi hakuwa mpelelezi. Alikuwa kinyozi. Alishuka katika mji mgeni na mfuko wake wa makasi, siku ileile ambayo wenye mji walikuwa wanamngoja mpelelezi mashuhuri. Wakampokea kwa wali na nyama. Akajiambia kwamba atawaeleza ukweli akishamaliza kula, lakini alipomaliza kula walikuwa wamekwisha kumsimamisha mbele ya maiti. Kinyozi akaitazama maiti, akasema neno pekee alilolijua: kwamba marehemu alinyolewa vibaya. Na kwa neno hilo muuaji akakamatwa.

"Ule mutu ni wa kwetu kabisa," alisema jirani yetu, mama mmoja mwenye sauti inayofika mtoni bila yeye kwenda. "Chakula kwanza, ukweli nyuma."

Mwingine alikuwa polisi mkubwa ambaye kila mara alikuwa likizoni. Akienda kupumzika ziwani, maiti ndani ya mtumbwi. Akienda kupumzika mlimani, mtu amekufa juu ya kikombe cha chai. Akienda arusi ya mdogo wake, mjomba wa bibi arusi hafiki kwenye keki.

"Sasa kwa nini wanaendelea kumualika?" jirani aliuliza. "Miye nikimuona anakuja na sanduku yake, ninafunga mulango, ninazima moto, ninaambia watoto waseme tulihamia Kabambare."

"Kosa si yake," mama mkubwa akasema. "Kosa ni ya likizo. Mutu aliyezoea kazi, ukimukataza kazi, kazi inamufuata."

Halafu kulikuwa na yule mama tajiri ambaye mwisho wa kila hadithi aliwakusanya wote walioshukiwa katika sebule moja, akawaeleza nani ameua. Hiyo ilizua ugomvi kila mara. Kwa nini muuaji naye anakuja? Mimi nikasema kitabu hakielezi. Wakakubaliana kwamba lazima kuna chakula.

Jambo moja sikuliona lilivyokuwa likija. Katika vitabu vile karibu vyote, mwenye kosa alikuwa mtu mmoja mkimya ambaye hakuna aliyemfikiria. Wanawake wakaishika hiyo kanuni. Baada ya muda jirani alikuwa ananikatiza mwanzoni kabisa.

"Simamisha hapo. Katika ile nyumba, kuna mutu asiyesema sana?"

"Kuna mtunza bustani," nilijibu.

"Njo yeye," alisema, akarudi kwenye karanga zake. Na ndiye aliyekuwa. Hata vitabu visivyokuwa na mwisho tulivimaliza hivyohivyo. Mimi, mtu mkimya kuliko wote Wamaza, niliketi pale katikati yao nikiwafundisha kila jioni kwamba mkimya ndiye mwizi.

Basi mtoto wa kike wa mama mkubwa aliolewa Kasongo na polisi. Walipopata mtoto wao wa kwanza, yule polisi aliomba likizo aje peke yake kuwasalimia wakwe, maana mke wake alikuwa bado na mtoto mchanga. Lakini kwangu mimi safari hiyo ilikuwa na jambo lingine. Dada yangu huyo alikuwa ametuma neno: jirani na kwao Kasongo kuna fundi cherehani anayetafuta mtu wa kujifunza. Mume wake atanitazama, na akiniona ninafaa, atarudi na mimi.

Nilikitaka kile cherehani kuliko kitu chochote. Nilikuwa nimewahi kumtazama fundi sokoni Kasongo. Wateja ndio wanaosema. Yeye ana sindano kinywani. Nikaona kwamba hiyo ndiyo kazi ambayo Mungu aliwawekea watu kama mimi.

Siku aliposhuka kwenye pikipiki, jirani alipiga kelele kwenye ua wake: "Polisi wa likizo amefika! Mungu wangu, ni nani atakufa?" Alikuwa anacheka, lakini nusu tu. Mzee mmoja wa karibu aliyekuwa anakohoa tangu kiangazi alifungiwa ndani na watoto wake mpaka mgeni apite.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Mgeni alikaa katika nyumba ndogo iliyo ng'ambo ya uzio wa mianzi, na mama mkubwa akabaki upande huu. Siku zile alitembea zaidi kuzunguka nyumba yake mwenyewe kuliko anavyotembea kwenda shambani. Na yule polisi, mtu ambaye madereva wanamwogopa kwenye kizuizi, nilimwona kwa macho yangu akiruka ndani ya mihogo kwa sababu kitenge cha mama mkwe kilitokea kwenye kona. Mimi ndiye niliyekuwa nikipita kati yao, nikibeba maji, chakula na salamu.

Ikafika siku ya jogoo. Jogoo wa mkwe anapikwa na mama mkwe mwenyewe, na kila kiungo kinaingia bakulini: kichwa, miguu, vyote. Juu kabisa inawekwa firigisi, nzima, haikatwi. Firigisi ni ya mkwe. Ni neno ambalo mama mkwe hawezi kumwambia kwa kinywa: nilikupa mtoto wangu na sijajuta. Mkwe akimaliza kula anarudisha shukrani, na ndani ya shukrani anasema, "Nimeona juu ya bakuli." Hapo wanawake wa jikoni wanapiga vigelegele, na kila mtu anajua kwamba arusi inasimama imara.

Nilibeba bakuli likiwa limefunikwa. Nikaliweka mezani, nikatoka. Baadaye nikalichukua likiwa na mifupa tu. Polisi akapangusa kinywa na kusema, "Waambie aksanti sana. Chakula kilikuwa kizuri."

Nikapeleka neno. Mama mkubwa alikuwa amesimama na mwiko mkononi, na wanawake nyuma yake wamekwisha kuvuta pumzi ya vigelegele.

"Njo mwisho?" akauliza.

"Njo mwisho."

"Hakusema juu ya bakuli?"

"Hapana."

Akaketi juu ya kinu. Kama mkwe hakusema, basi firigisi haikufika. Na kama haikufika, mkwe ataenda Kasongo akijua kwamba mama wa mke wake alimpikia jogoo asiye na neno. Jirani akamwaga ile mifupa kwenye ungo, akaichambua mmoja mmoja kama mtu anayechagua mawe ndani ya mchele. Kisha akainua kichwa.

"Firigisi haina mufupa," akasema. "Hakuna maiti."

Nilijua ni swali gani linafuata, nilikuwa nimelisoma mara nyingi.

"Nani alibeba bakuli?" jirani akauliza. "Na ni nani, katika hii nyumba, asiyesema sana?"

Wote wakanigeukia. Nikafungua kinywa ili nijitetee. Nikakifunga, nikakifungua tena.

"Munaona? Munaona anavyomeza?"

"Sikula," nikasema mwishowe, lakini kwa sauti ambayo hata mimi nisingeiamini.

Mama mkubwa hakunitukana. Hiyo ndiyo iliyoniumiza. Alisema tu, taratibu, akiutazama mwiko, "Mutoto wangu, siwezi kupeleka mwizi wa firigisi mu nyumba ya polisi. Kasongo utaiacha. Utabaki hapa na mihogo."

Kelele zilikuwa zimevuka uzio. Polisi akaniita upande wake. "Kuna nini kule?"

Hapa kulikuwa na shida. Kwetu mkwe hatajiwi chakula chake. Ni kama kumhesabia matonge. Nikasema neno pekee lililoruhusiwa:

"Kitu kimepotea, Komanda."

Sijapata kumwona mtu akifurahi hivyo. Tangu afike alikuwa ameketi kwenye kiti kimoja, akitazama mianzi. Akasimama, akafunga vizuri mkanda wa suruali, akachukua kalamu akaiweka nyuma ya sikio.

"Kitu gani?"

"Siwezi kusema."

"Kikubwa?"

"Kidogo."

"Mutu anaweza kukibeba kwa mukono moja?"

"Hata kwa kinywa," nikasema.

Akanitazama sana. "Ni cha mwanamuke ao mwanaume?"

"Mwanaume."

"Yuko hapa, huyo mwanaume?"

Nikatazama miguu yangu. Yeye akaitazama pia, kana kwamba jibu liko pale. Akatoka, akakagua nyayo kando ya uzio. Zote zilikuwa zangu, kwa kuwa ni mimi niliyekuwa nikipita. Akarudi akiwa na uso mzito zaidi.

"Nenda kwa mama mukwe. Mwambie kwa heshima yote: kile kitu kilionekana wapi mara ya mwisho?"

Mama mkubwa alikuwa nyuma ya ghala, nikamfikishia swali. "Mwambie mukwe kwa heshima yote," akajibu, "kilikuwa juu."

Nikamrudishia. Polisi akatazama dari. Akapanda juu ya kiti, akapapasa katikati ya miti ya paa, akashuka na buibui mabegani. Jirani, aliyekuwa ameweka jicho kwenye tundu la uzio, alisema kwa kile alichodhani ni kunong'ona: "Ah, huyu si polisi, huyu ni ule kinyozi."

Polisi akafunga mlango, akaketi mbele yangu. "Sikiliza, ndugu. Nyayo ni za weye. Majibu unayaficha. Miye nilikuja nikiwa na nia ya kukupeleka kwa fundi, na mutu wa fundi hawezi kuwa hivi, maana vitambaa vya watu vinakaa mule. Sema kitu chenyewe ni nini, tumalize."

Nikaona kile cherehani kinaondoka, na fundi, na sindano zake. Basi nikavunja mwiko. Nilisema nikiwa ninatazama sakafu.

"Ni firigisi."

"Firigisi ya nani?"

"Ya weye."

Aligeuka, akaiondoa kofia yake ya kazi kwenye msumari wa ukutani, na ndani ya kofia akatoa kifurushi cha jani la mgomba. Akakifungua. Firigisi ilikuwa pale, nzima, yenye kung'aa kwa mawese.

"Hii?"

"Hiyo."

"Lakini hii ni yake!" Sasa yeye ndiye aliyekuwa ananong'ona. "Kwetu Nyangwe, mama mukwe anapika, mukwe anaondoa firigisi, anaichunga, anamurudishia mama saa ya kuondoka. Bila kuitaja. Mukwe akiikula mwenyewe, ni mutu aliyemunyang'anya muzazi tonge. Mama yangu angesikia nimekula firigisi ya ukweni, asingenifungulia mulango. Kwani kwenu iko namna gani?"

Nikamweleza: kwamba ni yake, kwamba wanawake wanangoja neno la juu ya bakuli.

"Na mukwe akiirudisha?"

"Akiirudisha," nikasema, "ni kama amerudisha muke wake."

Jasho likamtoka. Akaitazama firigisi, nikaona anafikiri kuimeza palepale, na kwa moyo wangu wote nilimwombea aimeze. Lakini mkono ukasimama njiani. Mama yake alimlea vizuri. Kuila hakuweza, kuirudisha hakuweza, na kwenda kujieleza kwa mama mkwe hakuweza kabisa.

"Weye utaeleza," akasema.

"Miye siwezi kusema mbele za watu, Komanda."

"Unasema nini? Jana nilikusikia nyuma ya mianzi unasoma kama redio!"

Jua lilikuwa limeanza kulala kidogo. Wanawake walikuwa uani na karanga zao, lakini bila mazungumzo. Nilichukua kitabu cha yule polisi wa likizo, nikaketi mahali pangu.

"Mwizi anatusomea," jirani akasema. "Haya, tusikie wenzake."

Nikafungua. Ukurasa ulikuwa unaeleza habari za meli. Mimi nikasoma yasiyokuwapo. Nikasoma kwamba polisi yule safari hii alikwenda likizo ukweni kwake, na kwamba huko hakufa mtu, ila kitu kidogo cha thamani kilipotea kutoka juu ya bakuli. Mikono ikaanza kupunguza mwendo kwenye karanga.

"Simamisha hapo," jirani akasema. "Kuna mutu asiyesema sana?"

"Kuna."

"Njo yeye."

"Si yeye," nikasoma.

Akaacha kumenya. Tangu tuanze vitabu vile hakuwahi kukosea. "Basi nani?"

"Polisi mwenyewe."

Hapo ulizuka mzozo ambao nililazimika kusoma juu yake kwa sauti kubwa. Nikasoma kwamba kijijini kwao yule polisi firigisi ni ya mama mkwe. Kwamba aliificha ndani ya kofia ya kazi ili sisimizi wasiifikie, akangoja siku ya kuondoka, akiamini kwamba anatoa heshima kubwa kuliko zote alizofundishwa. Kwamba sasa anaogopa kuila, anaogopa kuirudisha, na ameketi nyuma ya mianzi anatokwa jasho. Niliposema mianzi, kichwa kimoja kimoja kiligeuka kuutazama uzio. Nyuma ya uzio mtu alikohoa.

Mama mkubwa hakugeuka. Alikuwa na karanga moja kati ya vidole, hakuimenya wala hakuiweka chini.

"Na ule mama mukwe wa mu kitabu," akaniuliza, "yeye alifanya nini?"

Nikafunua ukurasa mwingine. Meli ilikuwa bado inaendelea. Nilitafuta kichwani, sikupata kitu, kwa sababu mimi si mtunzi, na jambo lile halikuwa langu kulikata.

"Ukurasa umechanika," nikasema.

Akanitazama muda mrefu, mimi na kile kitabu ambacho ukurasa wake kila mtu aliuona uko mzima.

"Basi funga kitabu," akasema. "Lete ile kitu."

Nikavuka, nikaichukua kwa mikono miwili, nikamletea. Akaomba kisu. Akaikata katikati, yeye ambaye hakuwahi kukata firigisi ya mkwe maishani mwake, na wanawake wakashika vinywa. Nusu moja aliiweka kwenye sahani ndogo, akaifunika. Nusu nyingine akaenda nayo nyuma ya ghala, akaila akiwa amesimama.

Nilibeba ile sahani polepole kuliko ninavyoandika. Polisi alikuwa amevaa kofia yake, kama mtu anayengoja kusomewa hukumu. Alifunua, akaona nusu, akaelewa. Akaitia kinywani, akatafuna akiwa amefumba macho.

"Nenda useme," akaniambia. Lakini sikuwahi kufika mlangoni. Yeye mwenyewe akapaza sauti kuelekea mianzi, bila kumtaja mtu: "Nimeona juu ya bakuli!"

Vigelegele vilipigwa mpaka yule mzee wa kikohozi akatoka nje kuuliza ni nani aliyekufa.

Jirani peke yake hakuridhika. "Polisi mwenyewe!" alikuwa akirudia, akikusanya maganda ya karanga zake. "Kitabu gani hicho? Aliyekitunga ni muvivu."

Asubuhi pikipiki ilikuja. Mama mkubwa alinifungia nguo zangu ndani ya kitenge, akavuta fundo kwa meno. Kisha akasimama upande wake wa uzio, akausemesha uzio.

"Mianzi, sikieni. Huyu mutoto haibi. Lakini akishika kitabu, mumuchunge."

"Mianzi imesikia, mama," polisi akajibu kutoka upande ule.

Nikapanda nyuma yake, nikakumbatia furushi langu, tukashika njia ya Kasongo.